Kuitambua Sarafu ya Kale Uliyoifukua kwa Kigunduzi cha Metali: Mwongozo Kamili

Sarafu iliyokaa ardhini miaka mia mbili huibuka na habari za namna mbili. Ziko zile zilizopigwa usoni mwake, yaani maandishi, tarehe, nembo na sura ya mtawala. Na ziko zile zilizomo katika mwili wake, yaani uzito, kipenyo, metali na ukingo. Watu wengi huziharakia zile za usoni, na kwa kuziharakia huzifuta. Mimi hufuata mpangilio wa kinyume: kwanza mwili, kisha uso, kwa sababu udongo unaweza kuila kila herufi na bado ukaacha uzito na kipenyo vikiwa karibu kama vilivyotoka kiwandani.

Kabla ya yote, hakikisha una haki ya kuchimba mahali hapo. Ruhusa ya mwenye ardhi ni ya lazima, lakini mara nyingi haitoshi peke yake, kwa kuwa nchi nyingi zimezuia utafutaji wa mambo ya kale bila kibali, na nyingine zinataka kila kitu cha kale kiripotiwe. Huko Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1996 inamtaka mtu aliyepata sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri wa zaidi ya miaka 300 katika mkusanyiko mmoja atoe taarifa ndani ya siku 14. Isome sheria ya nchi unayochimba, si ya nchi ya mtu uliyemwona kwenye video.

Kazi inaanzia shimoni

Namba inayoonekana kwenye kioo cha mashine haitambui sarafu. Inapima tu jinsi kitu kinavyopitisha umeme na ukubwa wake, na kwa hiyo kifuniko cha chupa kilichobonyea, kitufe cha shaba na sarafu halisi vinaweza kutoa sauti ile ile. Ikumbuke namba hiyo kama dokezo, kisha iache.

Ukishaiona sarafu, usiipanguse. Nakiri kwamba sarafu yangu ya kwanza ya fedha niliisugua kwa kidole gumba palepale, chembe za mchanga zikiwa bado zimeng'ang'ania uso wake, na hadi leo ninapoielekeza kwenye mwanga naiona mikwaruzo mitatu ikikatiza shavu la mfalme. Mchanga ni mgumu kuliko fedha, tena ni mgumu kuliko shaba na dhahabu. Iinue kwa kushika ukingo, iweke katika kifuko kidogo pamoja na udongo wake, kisha andika juu ya kifuko tarehe, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, kina cha shimo kwa sentimita, na vitu vingine vilivyotoka shimo hilo au mashimo ya jirani.

Taarifa hizo za mahali zinaweza kuwa na thamani kuliko sarafu yenyewe. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, akaziweka ndani ya kopo na kuweka alama ya mahali hapo kwenye ramani. Zilipopelekwa kwa wataalamu mwaka 1979, ilibainika kwamba nne zilikuwa za VOC, kampuni ya biashara ya Uholanzi, na tano zilikuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Bila ile alama ya ramani, tungekuwa na sarafu tano za Kilwa zisizo na kisa. Kwa kuwa ramani ilikuwepo, wanahistoria wamebaki na swali ambalo mpaka leo linawanyima usingizi: zilifikaje huko?

Sarafu ya pili ikitoka shimo lile lile, punguza mwendo. Ikitoka ya tatu, au ukigusa kigae cha chungu, simama kabisa. Mtafutaji Dave Crisp alifanya hivyo mwezi Aprili 2010 huko Frome, Somerset, nchini Uingereza, alipotambua kwamba amefikia chungu kilichojaa: aliacha kuchimba akawaita waakiolojia, nao wakakitoa chungu hicho tabaka kwa tabaka. Ndani yake mlikuwa na sarafu za Kirumi 52,503.

Kusafisha, au tuseme kutokusafisha

Lengo katika hatua hii ni kusoma, si kung'arisha. Siki, ndimu, soda, dawa ya meno, brashi ya waya na dawa za kung'arisha vyombo visiikaribie sarafu ambayo bado huijui. Utando wa kijani au wa kahawia juu ya shaba mara nyingi ndio uliobeba herufi, maana metali iliyokuwa chini yake imekwisha kugeuka. Ukiuondoa utando huo, umeiondoa sura yenyewe.

Loweka sarafu katika maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi wala klorini, ukiyabadilisha kila siku, kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa kwa sarafu za shaba. (Maji hayo huweza kuuzwa kwa jina la maji ya betri, lakini jina hilo lisikudanganye, kwa sababu baadhi ya yauzwayo kwa jina hilo ni asidi.) Udongo ukilainika, uondoe kwa ncha ya kijiti cha mti kilicholowa, ukifanya kazi kutoka katikati kuelekea ukingoni, na uache mara tu utakapoona rangi ya metali tupu. Kausha kwa kuigandamiza kidogo kwa kitambaa laini, bila kusugua. Dhahabu haihitaji zaidi ya maji. Fedha nyeusi iache na weusi wake, kwani weusi huo unatuama kwenye mabonde ya herufi na kurahisisha kuzisoma.

Kuna ugonjwa mmoja unaopaswa kuutambua mapema: unga wa kijani kibichi kilichofifia unaozuka kwa madoa juu ya shaba au bronzi na kurudi kila unapoupangusa. Hiyo ni kutu ya kloridi, nayo huendelea kuila sarafu maadamu kuna unyevu hewani. Sarafu ya namna hiyo itenge na nyingine, iweke mahali pakavu kabisa pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu, kisha mtafute mhifadhi.

Kuusoma mwili

Utahitaji mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya plastiki ya kupimia milimita, sumaku ndogo, na kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi. Pima uzito mara tatu. Pima kipenyo katika sehemu mbili zinazokatana, kwa kuwa sarafu nyingi za kale si duara kamili, halafu pima unene. Kumbuka kwamba kutu huweza kupunguza uzito au kuuongeza, hivyo chukulia kipimo chako kama eneo la kutafutia, hasa kwa shaba. Fedha na dhahabu hazibadiliki sana.

Vipimo viwili hivyo peke yake huondoa sehemu kubwa ya dunia. Kipande cha fedha cha gramu 28.07 chenye kipenyo cha takriban milimita 40 kinakuelekeza moja kwa moja kwenye thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mtawala huyo wa Austria. Fedha ya gramu 11.66 na milimita 30 hivi inanukia rupia ya India ya enzi ya Waingereza. Dhahabu ya gramu 7.98 yenye milimita 22 ni paundi ya dhahabu ya Uingereza, au mwigo wake. Dhahabu ya gramu 4.25 isiyo na sura ya mtu, iliyojaa maandishi ya Kiarabu, ni dinari ya mtindo ulioanzishwa na khalifa Abd al-Malik mwaka 77 Hijria.

Sumaku huvuta chuma na nikeli tupu, lakini haivuti dhahabu, fedha, shaba, risasi wala alumini. Sarafu inayoonekana ya fedha ikirukia sumaku, hiyo si fedha. Isipovutwa, hujathibitisha lolote bado. Hapo ndipo kipimo cha msongamano kinapofaa, nacho ni rahisi kuliko kinavyodhaniwa. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa kuta wala sakafu ya bilauri. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba inayoonekana sasa. Thaler ya gramu 28.07 itaonyesha takriban 2.75, na mgawanyo utakupa 10.2, kiwango kinacholingana na fedha ya asilimia 83.3 iliyochanganywa na shaba. Fedha tupu ni 10.5, shaba karibu 9, risasi 11.3, na dhahabu ya karati 22 ni 17 na nusu hivi. Sarafu iliyotobolewa na kutu hushika mapovu ya hewa na kutoa namba ya chini kuliko ukweli, kwa hiyo iguseguse kidogo majini kwanza.

Sasa itazame kwa ukingo. Hapa ndipo naona watu wakipita kama kwamba hapana kitu, ilhali ukingo ndio unaokuambia namna sarafu ilivyotengenezwa. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo huwa nyembamba, yenye umbo lililopindapinda, na picha yake mara nyingi haikukaa katikati, kiasi kwamba upande mmoja herufi zimekatika na upande mwingine pamebaki nafasi tupu. Iliyotengenezwa kwa mtambo ni duara sawasawa, na aghalabu ukingo wake una michirizi au maneno. Uingereza ilihamia mitambo moja kwa moja mwaka 1662, na nchi nyingine zilihama kabla au baada yake. Michirizi na maneno hayo viliwekwa ili kuwakomesha watu waliokuwa wakikata vipande vidogo vya fedha pembeni. Ukingo uliokatwa kwa mkato ulionyooka ni ushahidi wa wizi wa zamani, na unaeleza kwa nini uzito wako haufikii ule wa orodha.

Mwisho wa mwili ni mwelekeo. Shika sarafu ili sura isimame wima, kisha igeuze kama unavyofunua ukurasa wa kitabu. Je, upande wa pili umesimama, umepinduka, au umeinama? Sarafu za kupigwa kwa nyundo zinaweza kuelekea popote, ila za mtambo hufuata kanuni ya kiwanda. Andika jibu.

Kuusoma uso

Zima taa ya juu. Weka taa moja pembeni, chini kabisa, mwanga uteleze juu ya uso wa sarafu kama jua la magharibi juu ya matuta ya shamba, na uizungushe taratibu. Herufi ambayo haikuonekana saa nzima itajitokeza kwa pembe moja tu, kisha itazama tena. Piga picha katika pembe nane, ukibadilisha mahali pa mwanga bila kuisogeza sarafu, na uchore kwa mkono unachokiona. Kuchora kunakulazimisha kutofautisha ulichokiona na unachotamani kukiona.

Kabla ya kuyasoma maneno, tambua aina ya mwandiko. Tundu la mraba katikati na herufi nne ni dalili ya Uchina au majirani zake. Katika sarafu za enzi ya Qing, herufi ya juu na ya chini hutaja jina la enzi ya mfalme, na ya kulia na ya kushoto husema kwamba hii ni sarafu halali. Kwenye sarafu za Kiislamu, tafuta neno lenye maana ya "ilipigwa", yaani *duriba*, lenye asili moja na neno letu dharuba. Likipatikana, jina la mji kwa kawaida hufuata, kisha mwaka. Kwenye sarafu za zamani zaidi mwaka huo huandikwa kwa maneno kamili, si kwa tarakimu.

Herufi za Kilatini zina mitego yake. V husimama badala ya U, maneno hufuatana bila nafasi, na vyeo hufupishwa. IMP, CAES na AVG zinakupeleka Rumi. D G REX ni mfalme wa Ulaya anayejitangaza kutawala kwa neema ya Mungu. IND IMP, mtawala wa India, ilikuwepo kwenye sarafu za Uingereza kuanzia 1893 hadi 1948, na kwa hiyo herufi hizo sita peke yake zinakupa kipindi hata kama tarehe imeliwa. Vivyo hivyo, rupia iliyoandikwa VICTORIA QUEEN ni ya kabla ya 1877, na iliyoandikwa VICTORIA EMPRESS ni ya mwaka huo au baadaye.

Wakati mwingine picha husaidia pale maneno yaliposhindwa. Ile sarafu ndogo ya shaba yenye askari wawili wanaotazamana, ambayo watafutaji huko Ulaya huichoka, ni ya Konstantino, mfalme wa Rumi, au wanawe. Bendera za kijeshi zilizosimama kati ya askari hao zikiwa mbili, sarafu ni ya miaka ya 330 hadi 335; ikiwa moja, ni ya baada ya hapo. Chini ya miguu yao huandikwa kiwanda: TR ni Trier, SIS ni Siscia, SMAN ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria. Kwa hiyo sarafu isiyosomeka jina la mfalme inaweza bado kukupa mji na muda wa miaka michache.

Tarehe na kalenda

Tarakimu za Kiarabu cha Mashariki humchanganya asiyezizoea: sita (٦) hufanana na saba yetu, sifuri (٠) ni nukta tu, saba (٧) ni kama V, na nane (٨) ni V iliyopinduliwa. Ukiishika sarafu kichwa chini, saba inakuwa nane, nawe unakosea mwaka bila kujua. Ili kupata mwaka wa Kikristo kutoka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka wa Kibudha wa Thailand punguza 543. Mwaka wa Vikram wa Nepal punguza 57 hivi. Mwaka wa Ethiopia ongeza 7 au 8. Mwaka wa enzi ya Meiji ya Japani ongeza 1867.

Tarehe iliyo juu ya sarafu pia si lazima iwe mwaka iliyotengenezwa. Thaler ya Maria Theresa imeendelea kupigwa katika viwanda vya nchi mbalimbali baada ya kifo chake, nayo daima huandikwa 1780.

Mfano mmoja kwa ukaribu

Tuseme umeshika kipande cha shaba cha gramu 6 na ushee, kipenyo chake milimita 25, duara safi la mtambo, kisichovutwa na sumaku. Mwanga wa pembeni unaonyesha mizani ya kupimia yenye visahani viwili. Mtu mwenye haraka atatafuta "sarafu yenye mizani" na kuchukua jibu la kwanza, lakini mizani hiyo ipo kwenye sarafu zaidi ya moja zenye ukubwa unaokaribiana. Robo ya ana (ana ni sehemu ya kumi na sita ya rupia) ya Bombay ya miaka ya 1830 ina mizani upande mmoja na nembo ya Kampuni ya India Mashariki upande mwingine, pamoja na mwaka wa Kikristo. Pesa (hapa ni jina la sarafu ndogo ya shaba) ya Mombasa ina mizani, jina la kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki kwa herufi za Kilatini, na miaka miwili: 1888 na 1306. Pesa ya Zanzibar ya sultani Barghash ina mizani vilevile, ila haina hata herufi moja ya Kilatini.

Swali lako basi limekuwa dogo sana: je, kuna alama yoyote ya herufi ya Kilatini ukingoni? Zungusha taa. Kama unaona mistari ya Kiarabu tu upande wa pili, na chini ya mizani zinajitokeza ١٢ kisha alama mbili zinazofanana zenye kichwa cha mviringo, hizo ni ٩٩. Elfu moja mia mbili tisini na tisa mara 0.97 ni 1260; ongeza 622 upate 1882, na kwa hakika mwaka 1299 Hijria uliangukia 1881 na 1882. Ni pesa ya Barghash. Hatukuitambua kwa mizani iliyoonekana kwanza, bali kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Vitu vinavyojifanya sarafu

Kabla ya kufungua orodha yoyote, jiulize kama ni sarafu kweli. Kitufe kilichong'oka kitanzi huacha kovu dogo katikati ya mgongo. Medali ya kidini mara nyingi ina kitundu au kipete juu. Vipande vya kuhesabia vya mji wa Nuremberg, Ujerumani, vya karne ya 16 na ya 17 ni vyembamba mno, rangi yake ni ya brasi, na maandishi yake wakati mwingine hayana maana yoyote. Vipimo vya mizani vya wafanyabiashara ni vinene kupita kiasi kwa kipenyo chao.

Kuhusu bandia, chunguza kwa kioo. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vya mapovu, herufi zenye kingo laini kama sabuni iliyotumika, na mshono unaozunguka ukingo. Lakini bandia ya kale nayo ni historia: dinari ya Kirumi yenye ngozi ya fedha juu ya moyo wa shaba, ikitoa kutu ya kijani kupitia nyufa, ilidanganya watu sokoni karne nyingi zilizopita na inastahili kuhifadhiwa kama ilivyo.

Kulinganisha na kuuliza

Sasa ndipo uingie mtandaoni. Kwa sarafu za dunia za karne za karibuni tumia tovuti ya Numista, ukichuja kwa metali, uzito na kipenyo kabla ya kuandika neno lolote. Kwa sarafu za Milki ya Rumi kuna OCRE, orodha ya mtandaoni ya jumuiya ya wanasarafu ya Marekani, ambako unaweza kutafuta hata kwa kipande cha maandishi. Kwa sarafu za Mashariki, tovuti ya Zeno ina picha nyingi kuliko mahali pengine ninapopajua. Programu za simu zinazodai kutambua sarafu kwa picha moja nazipa nafasi ya mwisho kabisa: sarafu iliyochakaa huzifanya zitoe jibu kwa ujasiri uliopitiliza, tena mara nyingi huchagua ile iliyo adimu, na hilo humfurahisha mwenye sarafu kuliko linavyomsaidia.

Unapomuuliza mtaalamu wa makumbusho au kikundi cha wakusanyaji, mpe picha za pande zote mbili na ya ukingo, uzito, kipenyo, matokeo ya sumaku, mwelekeo wa pande, na nchi au eneo ilikopatikana. Usimtajie dhana yako mwanzoni. Mwache afike mwenyewe, kisha mlinganishe.

Hifadhi sarafu katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, si katika plastiki laini ya PVC, ambayo huvuja kemikali na kuacha utando wa kijani unaonata. Juu ya bahasha andika kwanza ulichokipima, kisha ulichokisoma, na mwisho ulichokikisia, kila kimoja kwenye mstari wake, na mbele ya makisio weka alama ya kuuliza, ili atakayeifungua bahasha hiyo baada yako ajue aanzie wapi kukukosoa.